Barabara Kuu Ikipita Mlangoni: Mwongozo wa Kufika Salama kwa Wakazi wa Ngombezi, Korogwe na Handeni

Mkazi wa Ngombezi anayekwenda sokoni Korogwe, au anayempeleka mgonjwa Hospitali ya Magunga, hukutana na barabara kuu ya Segera–Moshi. Humo yamo mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, malori ya mizigo, bodaboda, trekta lenye tela la majani ya mkonge, baiskeli yenye gunia la mkaa, na mtoto wa darasa la pili aliyebeba fagio la shule. Wote wanagombea lami ile ile, yenye upana wa takriban mita saba.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Maneno hayo yanafariji msibani, lakini kando ya barabara yanatulemaza. Tazama ajali mbili za hapa hapa nyumbani.

Usiku wa Februari 3, 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyobeba mwili wa marehemu na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kuelekea Kilimanjaro iligongana uso kwa uso na Fuso lililokuwa likijaribu kulipita gari jingine. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 17.

Usiku wa Januari 13, 2025, katika kijiji cha Chang'ombe, kata ya Segera, Handeni, watu walikimbilia kuwaokoa walionusurika katika ajali ya awali. Lori jingine likaja na kuwaparamia. Walikufa watu 11.

Ajali ya kwanza ilitokana na kupita bila nafasi. Ya pili ilikuta watu wema barabarani gizani, bila kitu cha kumwonya dereva anayekuja. Kupita kuna kanuni zake, na kuokoa kuna utaratibu wake. Mwongozo huu unakupa vyote viwili, pamoja na njia ya kudai barabara iliyo salama zaidi.

KWANZA ELEWA: MWENDO NI UMBALI

Macho yetu hayajui kupima mwendo wa gari linalokuja moja kwa moja. Tunaona tu kwamba "bado liko mbali". Kwa hiyo hesabu hizi zishike kichwani:

- Gari la kilomita 50 kwa saa linakata mita 14 kila sekunde.
- Gari la kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde.
- Gari la kilomita 100 kwa saa linakata mita 28 kila sekunde.

Mtu mzima mwenye afya huvuka lami ya mita saba kwa sekunde tano au sita. Bibi mwenye mzigo kichwani, au mama anayemvuta mtoto mkono, hutumia nane hadi kumi. Katika sekunde nane, basi la kilomita 80 linakuwa limekata karibu mita 180. Hapo ndipo ilipo kanuni ya kwanza: gari likiwa karibu kuliko urefu wa viwanja viwili vya mpira, usivuke.

Sasa geuza upande. Dereva akikuona, sekunde moja au zaidi hupita kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 80, gari dogo kwenye lami kavu linahitaji zaidi ya mita 50 kusimama. Lori lenye shehena, au lami yenye mvua, huhitaji zaidi. Taa za chini za gari humulika takriban mita 40 hadi 60. Maana yake ni kwamba usiku, dereva anaweza kukuona wakati ambapo hawezi tena kusimama. Usiyalaumu macho yake. Jifanye uonekane mapema.

UKIWA UNATEMBEA

1. Tembea upande wa kulia, magari ya upande wako yakija usoni pako. Hapa Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo anayetembea kushoto amelipa gari mgongo wake.
2. Chagua pa kuvukia. Kwenye alama ya pundamilia dereva anapaswa kisheria kukupisha, lakini usiitumie haki hiyo kabla hujaona gari limesimama. Pasipo na pundamilia, tafuta mahali unapoweza kuona mbali pande zote mbili. Kwenye kona au karibu na kilele cha mlima usivuke.
3. Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Gari la kwanza kukufikia hutokea kulia.
4. Vuka kwa kunyooka, bila kukimbia. Anayekimbia huanguka, na ndala hukatika katikati ya lami.
5. Ukishuka kwenye basi, subiri liondoke. Usivuke mbele yake wala nyuma yake, kwa kuwa basi lililosimama linakuficha wewe na linalificha gari linalolipita.
6. Usiku vaa nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa, na shika tochi ukiielekeza chini. Mkanda wa kuakisi mwanga, ule ule wa kizibao cha bodaboda, ukishonewa kwenye mkoba wa mtoto huonekana mbali kuliko nguo yoyote.

*Kosa la kawaida:* Gari moja limesimama kukupisha, nawe unavuka moja kwa moja. Simama kwenye usawa wa ubavu wake, chungulia njia ya pili. Bodaboda hupenda kulipita gari lililosimama.

MTOTO WA SHULE

Mtoto wa miaka sita au saba hawezi kukisia mwendo wa gari, hata umkanye mara mia. Usimtegemee akumbuke, mpangie utaratibu.

- Tembea naye njia nzima ya shule mara tatu. Mara ya tatu mwache yeye akuongoze, wewe ukinyamaza na kutazama.
- Mchagulie sehemu moja tu ya kuvukia, hata kama inamzungusha.
- Wazazi wa jirani wapangiane zamu: mtu mzima mmoja kwenye kivuko asubuhi, mmoja wakati wa kutoka. Avae kizibao cha kuakisi mwanga.
- Usimwite mtoto aliye ng'ambo ya barabara. Akikuona mama yake, gari halipo tena machoni pake. Vuka wewe umfuate.

BODABODA: DEREVA NA ABIRIA

Kofia ngumu ikivaliwa ipasavyo hupunguza sana uwezekano wa kufa na wa kuumia ubongo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema hivyo kwa miaka. Tatizo letu ni kuivaa "ipasavyo": kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani huulinda usukani, na ile isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini.

*Abiria, kabla hujapanda:*

1. Omba kofia. Ukiona kinyaa, jifunge kitambaa chepesi kwanza, au nunua yako.
2. Funga mkanda wa kidevuni mpaka vidole viwili tu viweze kupita.
3. Nusa. Dereva anayenuka pombe mwache aende.
4. Kataa mshikaki. Pikipiki ina kiti cha abiria mmoja. Mkiwa watatu mnalemea breki na mizani ya dereva.
5. Panda na ushuke upande wa kushoto, mbali na magari. Kumbuka bomba la moshi likiwa la moto huunguza muundi.
6. Ukiogopa mwendo, sema: "Kaka, sina haraka, nipeleke taratibu." Abiria akinyamaza, dereva huona ameridhika.

*Dereva wa kijiwe:*

- Asubuhi kagua breki zote mbili, taa ya mbele, taa ya nyuma, indiketa na tairi. Tairi kipara ni mtelezo unaosubiri mvua.
- Washa taa hata mchana.
- Ukitoka barabara ya vumbi kuingia lami, simama kabisa. Wengi hugongwa hapo kwa kudhani wamepunguza mwendo vya kutosha.
- Usijibanze ubavuni mwa semi. Usipomwona dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.
- Mzigo usizidi upana wa usukani. Mabati na nondo zitafutie gari.

BAISKELI, TREKTA NA MIFUGO

Mwenye baiskeli, pita kushoto pamoja na magari, si kinyume nayo kama mtembea kwa miguu. Weka kiakisi chekundu nyuma na cheupe mbele. Ukikosa, bandika mkanda wa kuakisi kwenye madigadi na kanyagio. Gunia la mkaa hufunika kiakisi cha nyuma, kwa hiyo kifunge juu ya gunia.

Anayeendesha trekta kutoka shambani kwenda korona (kiwanda cha kuchakata mkonge), tela ndilo linaloua. Trekta lina taa, tela mara nyingi halina, na basi la kilomita 80 likilikuta usiku linaliona likiwa limechelewa. Bandika viakisi pembe zote nne za tela, ondoa matope yaliyovifunika, na maliza safari za barabara kuu kabla jua halijazama. Wafanyakazi wasipande juu ya majani wala kwenye kiunganishi cha tela.

Mfugaji anayevusha ng'ombe, hasa barabara ya Korogwe–Handeni: mtu mmoja atangulie mita mia akiwa na kitambaa chekundu, mwingine abaki nyuma kwa umbali huo huo. Vusha kundi dogo dogo, mchana, mbali na kona.

UKIWA ABIRIA WA BASI AU NOAH

Tangu mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Hiyo imewarahisishia wengi, lakini imeongeza magari barabarani katika saa ambazo macho ya dereva yamechoka.

1. Funga mkanda, hata kiti cha nyuma. Asiyefunga humgonga aliye mbele yake kwa uzito wa gunia.
2. Usimpakate mtoto ukadhani mikono itamzuia. Kwenye kugongana, mikono ya mzazi haitoshi. Mtoto aliyefikia kukaa mwenyewe apewe kiti na mkanda wake.
3. Angalia kama dereva anasinzia, anatumia simu au ameachia usukani deiwaka asiyejulikana. Mwambie kondakta kwanza, kwa upole, mbele ya abiria wengine.
4. Kwa sheria, basi la abiria halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na katikati ya makazi kilomita 50. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA. Ukiripoti, taja namba ya gari, mahali na saa.

*Onyo:* Usimshangilie dereva anayewahi. Makofi ya abiria ni mafuta kwenye moto.

UKIWA NA USUKANI

Watu wa ajali ya Magila Gereza walipoteza maisha kwa sababu ya kupita bila nafasi. Kabla hujaovateki, jiulize maswali manne, kwa mpangilio huu:

1. Je, mstari wa katikati ni wa vipande? Ukiwa mzima upande wako, hakuna swali la pili.
2. Je, naona mbele mita 400 zilizo wazi? Wewe ukienda 80 na anayekuja akienda 80, mnasogeleana mita 44 kila sekunde. Sekunde tisa tu, mmekutana.
3. Je, kuna pa kurudi mbele ya gari ninalolipita, au kuna msafara?
4. Je, kuna njia panda, kituo cha basi au nyumba kando? Bodaboda anayeingia kutoka kulia hatazami upande wako.

Jibu moja likiwa "sijui", lihesabu ni "hapana". Ukilazimisha kupita, utaokoa dakika mbili mpaka mji wa Mombo, kisha utazipoteza kwenye foleni ya kwanza.

Ukiharibikiwa na gari, lisukume nje ya lami, washa taa za tahadhari na weka pembetatu mita 50 au zaidi nyuma. Usipokuwa nayo, tumia matawi mabichi. Ukiondoka, ondoa matawi na mawe yote. Jiwe lililoachwa ni mtego kwa pikipiki ya usiku.

Kwenye makutano ya reli, zima redio, shusha kioo, tazama pande zote. Treni ya abiria ya Dar es Salaam–Arusha hupita Korogwe, na ya mizigo haina ratiba unayoijua. Treni haikwepi, na haisimami karibu.

AJALI IKITOKEA: FUATA HATUA HIZI

Chang'ombe ilitufundisha kwamba eneo la ajali ni eneo la hatari mpaka lilindwe.

1. Linda eneo kwanza. Kabla ya kumgusa majeruhi, watume watu wawili, kila mmoja upande wake, mita 100 na zaidi, nje ya lami, wakiwa na tochi au simu zenye mwanga, wapunge kwa juu na chini. Weka matawi barabarani. Gari lililopo liwashe taa za tahadhari.
2. Watazamaji watoke lamini. Mmoja achukue jukumu la kuwaondoa. Sema kwa sauti: "Tokeni barabarani, gari lingine linakuja!"
3. Piga simu. Polisi ni 112, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Taja kijiji, alama ya karibu, idadi ya majeruhi na kama kuna mafuta yanayomwagika.
4. Kagua majeruhi. Anayepiga kelele anapumua, mwanzie aliyenyamaza.
5. Zuia damu. Bana jeraha kwa nguo safi kwa nguvu, usiachie kila dakika kuangalia.
6. Usimvute majeruhi isipokuwa kuna moto, maji au gari linaloweza kumwangukia. Ukilazimika, watu kadhaa mnyanyue pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja.
7. Usimpe maji wala chakula, na usimvue kofia ngumu isipokuwa hapumui. Mfunike asipate baridi.
8. Mpeleke, kisha fuata fomu. Hospitali itahitaji fomu ya polisi ya PF3. Dharura haisubiri karatasi: ndugu mmoja aende kituoni wakati majeruhi anatibiwa.

*Onyo kubwa:* Lori la mafuta likipinduka, kimbia. Usichote. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, moto wa lori la mafuta uliua zaidi ya watu 100, wakiwemo waliokwenda kuchota mafuta.

*Usimpige dereva.* Atakimbia, ushahidi utapotea, na familia ya marehemu itabaki bila fidia. Andika namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria, na fidia hudaiwa kwa ripoti ya polisi.

MTAA UNAPODAI BARABARA SALAMA

Tabia njema zina kikomo. Penye kona mbaya, anayetembea kwa uangalifu miaka kumi atakosea siku moja, na siku hiyo tuta au kivuko ndicho kitakachomwokoa. Fuata utaratibu:

1. Jua mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Za mitaani na vijijini zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua iliyokosea anwani hupoteza miezi.
2. Kusanya ushahidi kwa wiki mbili. Kila tukio andika siku, saa, mahali na kilichotokea, hata "alinusurika". Hesabu watoto wanaovuka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Namba husomwa, hasira hazisomwi.
3. Peleka hoja kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Hakikisha imeingia kwenye muhtasari, na mwenyekiti na mtendaji wamesaini.
4. Taja unachotaka kwa jina: alama ya kilomita 50, pundamilia yenye matuta, njia ya watembea kwa miguu, taa, au kituo cha basi nje ya lami.
5. Nakala iende kwa diwani na kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya.
6. Fuatilia kabla ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Barua ya Juni huwa imechelewa.

Barua inaweza kuanza hivi:

> YAH: OMBI LA KIVUKO NA MATUTA MBELE YA SHULE
>
> Rejea mkutano wa wananchi wa tarehe ____. Katika wiki mbili tumeorodhesha matukio ____ ya watu kunusurika kugongwa, na watoto ____ huvuka kila asubuhi. Tunaomba (1) ____ (2) ____. Tumeambatanisha orodha na muhtasari wa mkutano.

*Mambo matatu ya kuepuka.* Msijenge matuta wenyewe usiku kwa zege au udongo: bila alama, yatamuua mwendesha pikipiki wa kwanza. Msifunge barabara kwa mawe baada ya msiba. Na msipange meza za biashara ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Meza ya nyanya huwasukuma wateja kwenye lami, na lori lililopoteza breki halichagui.

ORODHA YA KUBANDIKA MLANGONI

☐ Watoto wanajua pa kuvukia, na mimi nimepatembea nao.
☐ Kila mtu nyumbani ana kitu kinachoakisi mwanga usiku.
☐ Kofia ngumu hufungwa mkanda, kila safari.
☐ Nafunga mkanda wa gari hata nikikaa nyuma.
☐ 112 na 114 zimehifadhiwa kwenye simu za wote.
☐ Kijiwe chetu kina tochi, kizibao na kitambaa chekundu kwa ajili ya kulinda eneo la ajali.
☐ Hoja ya kivuko chetu imo kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa.

Kama utafanya jambo moja tu wiki hii, nenda kwenye kijiwe kilicho karibu nawe ukawaulize vijana: ajali ikitokea hapa usiku wa leo, nani atakimbilia upande wa Segera na nani upande wa Mombo kusimamisha magari? Usiondoke mpaka majina mawili yametajwa.